Siku Niliyokufa kwa Bipu Mbili

Kwetu, katikati ya Nyabiondo na Kashebere, simu haishiki kijijini. Inashika juu ya mlima mmoja tu, na hata pale si mlima wote: ni mahali pa ukubwa wa mkeka, kando ya jiwe lenye mgongo kama wa ng'ombe aliyelala. Ukisogea hatua mbili, rezo ya simu inakufa. Mnara uliokuwa karibu nasi, wenye bunduki waling'oa mabetri yake, na mpaka leo umesimama bure, ndege wanalala ndani. Asubuhi ukungu ukishuka, huoni mnara wala mabonde. Unaona lile jiwe peke yake limeelea juu ya weupe, na mtu amesimama pembeni yake ameinua simu, kama anamwonyesha Mungu kitu.

Mtu huyo, siku ninayosimulia, alikuwa reko wetu. Reko ni mtu wa kijiji anayejitolea kazi za afya: anaandika watoto wa chanjo, anagawa vyandarua, na mgonjwa akizidiwa yeye njo anapanda mlima kuita msaada. Simu yake ilikuwa inaingia kwa titulere, yaani muganga mkubwa wa sentre ya afya. Titulere alikuwa na foni mezani, ile redio yenye kamba ya kujikunja na kitu cha kusemea mdomoni. Kwa foni anaita hopitali kubwa, hopitali inamtuma shofere, shofere anakuja na jipu ya ambulansi mpaka kwenye muti wa avoka, ule mparachichi, hapo barabara inakomea. Sisi nasi tunateremsha mgonjwa kwa kipoyi mpaka chini ya ule muti.

Kipoyi ni kitanda cha miti na kamba. Wanaume wanne wanaingia chini yake, wengine wanafuata wakingoja zamu. Kila kijiji kinabeba mpaka kwenye mto wake, kisha kijiji cha mbele kinapokea, bega kwa bega, bila kipoyi kugusa udongo. Mgonjwa hawekwi chini njiani. Anayewekwa chini ni maiti, maana yeye hana haraka tena.

Sasa habari ya bipu, yaani kupiga simu na kuikata kabla haijapokelewa. Titulere alituita siku moja kwenye kanisa, mvua ikipiga mabati hata tukawa tunasikia nusu. Akasema inite, yaani salio la simu, zinamalizika upesi, kuongea kunakula inite, bipu haili kitu. Kwa hiyo sheria ni hii: reko akipiga bipu moja, maana yake kipoyi imetoka, gari ije. Bipu mbili: acheni, mgonjwa amekufa, gari isisumbuke. Na yeye akiipata ile bipu moja, atarudisha bipu yake, ili reko ajue imefika.

"Mumeelewa?"

"Tumeelewa, Muganga!"

"Bipu mbili ni nini?"

"Ni kufa!" tukaitika kama watoto wa primere, tukacheka, tukapiga makofi. Na mimi nilipiga. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano, mikono yangu ilikuwa imelala juu ya tumbo, nikaiondoa pale ili nipige makofi. Ninasema hili mapema, kwa sababu nitawataja wakosaji, na sitaki mtu aseme nilijisahau.

Maji yalitoka alfajiri, karibu na mafiga. Ilikuwa mimba ya sita, na watano wa kwanza nilizaa nyumbani bila kusumbua mtu. Bwana yangu alikuwa Walikale, kwenye machimbo, kama kawaida yake kuwa mahali pengine. Dada yangu mkubwa njo alikuwa na mimi. Jua lilipotoka mtoto akatanguliza mkono. Si kichwa, si miguu: mkono. Dada akaufunika kwa kitambaa kilichochovywa maji ya moto, akatoka nje, nikamsikia anamwita reko kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia toka kwake.

"Panda! Usiulize kitu, panda!"

"Dada, nimwambie muganga nini?"

"Kwani unasema naye? Si munapigana bipu? Piga moja!"

Nikamsikia reko anakimbia, buti zake za plastiki zikipiga kofi-kofi njiani mpaka sauti ikaisha. Basi. Kuanzia hapo vitu vyote vilikuwa vinatokea mbali na mimi.

Ukibebwa kwa kipoyi, huoni njia. Unaona mbingu. Miaka yote nilipita ile njia na muzigo wa maharagi mgongoni, nikiangalia vidole vya miguu, na sikujua kwamba migomba inagusana juu, kwamba kuna mahali miti ya mkaratusi inafanya kama mlango. Ukungu ulikuwa unapita kati yangu na majani. Maumivu yalikuja na kwenda kama mtu anafungua na kufunga dirisha, na dirisha likifungwa nilikuwa natulia kabisa, ninasafiri, sina uzito. Ng'ombe za majirani wetu wafugaji ziliinua vichwa nilipopita kwenye malisho. Niliona pembe tu, pembe nyingi nyeupe juu ya ukungu, zinanigeukia polepole. Nilifikiri: hizi zinanijua, nimenunua maziwa yao miaka ishirini.

Na chini yangu sauti za wanaume.

"Ninyi wa mbele, munatembea kama munafukuza mbuzi!"

"Wewe wa nyuma fupisha mudomo, refusha shingo."

"Huyu mama iko muzito! Alikula fufu ya Walikale yote?"

"Nyamaza, anakusikia."

"Asikie! Akisikia, njo anajua iko hai."

Walicheka, na kipoyi ikacheka pamoja nao, nikatikisika. Dada alikuwa anatembea pembeni, mkono wake umeshika ukingo wa kitanda, termosi inagonga kiuno chake. Kwenye mto wa kwanza wabebaji wa kijiji cha mbele walikuwa wamengoja ndani ya maji, suruali zimekunjwa. Nikapita kutoka mabega yenye joto kwenda mabega yenye baridi. Hawakunigusisha chini. Nikasikia maji yakienda chini ya mgongo wangu, na mtoto akasukuma mguu. Nakumbuka vizuri sana. Alikuwa ndani, anasafiri ndani ya mimi ninayesafiri, na yeye alikuwa haoni hata mbingu. Nikamwambia kwa moyo: ngoja, kuna gari.

Wakati huo huo juu ya mlima mambo yalikuwa yanaharibika, lakini mimi niliyajua baadaye, kwa kuuliza mtu mmoja mmoja, mpaka wakaanza kunikimbia sokoni.

Reko alipanda, akasimama kando ya jiwe, akapiga bipu yake moja. Iliingia. Titulere aliisikia, akachukua foni, akaita hopitali, na jipu ikatoka. Mpaka hapo kila mtu alifanya kazi yake. Lakini titulere hakurudisha bipu. Hakuweza. Hata bipu inataka kuwe na inite kidogo ndani ya simu, na simu yake ilikuwa kavu. Watu wa mradi wa afya walikuwa wanamtumia inite kila mwezi za kuita kwa ajili ya wagonjwa. Alikuwa anazimaliza na mwanamke wake wa pili aliyekuwa kule mjini Sake. Sake yote ilijua. Walikuwa wanaongea mpaka wanaulizana mboga imeiva ao bado.

Reko akangoja bipu irudi. Akangoja. Alikwenda kuchuma mahindi kwenye shamba la karibu, akarudi kwenye jiwe, akaangalia simu. Kimya. Akajiambia haikuingia, huu mlima ni muongo. Akapiga tena.

Mtu wa mahali pengine angefanya nini? Angeita, angesema na mdomo. Lakini sisi tulikuwa na sheria, tuliipigia makofi. Titulere akaona bipu ya pili, akahesabu: moja, mbili. Akashika foni tena akasema mgonjwa amekufa, gari irudi. Kisha akafungua kitabu cha foni, ambamo kila mwezi reko alikuwa anaandikisha mimba zinazokaribia, na mwezi ule kwetu nilikuwa mimi peke yangu, akaweka msalaba kwenye mstari wangu. Mimi, kwa hesabu yangu, nilikuwa kwenye mto wa pili, ninaangalia kipepeo kimetua kwenye kamba ya kipoyi, kinafungua na kufunga, kinafungua na kufunga.

Tulipofika kwenye muti wa avoka, jua lilikuwa katikati ya kichwa. Hakukuwa na jipu. Kulikuwa na Fuso moja imepakia magunia ya maharagi, na mwenyewe amekaa kwenye ngazi yake anamenya muwa. Alikuwa mfanyabiashara wa kutoka upande wa Butembo, rozari inaninginia kwenye kioo chake. Alipotuona akasimama, akavua kofia.

"Poleni sana, ba Papa. Munamupeleka kuzikwa wapi?"

"Kuzika nani?" mbebaji mmoja akauliza.

"Si huyu maiti?"

"Papa, chunga mudomo yako. Iko mugonjwa huyu. Tunangoja ambulansi."

"Ambulansi ilikuwa hapa. Ilisimama mahali munasimama. Halafu foni yao ikaongea, shofere akaniambia: kazi imekwisha, yule mama amekufa. Akageuza."

Hapo njo waliniweka chini. Hakuna aliyeamuru. Mabega yote yalikwisha nguvu kwa mara moja, na nikasikia udongo chini ya mgongo wangu, wa baridi, wenye mawe madogo. Dada akaanza kulia ile sauti ya msibani. Wanaume wakavua kofia. Nikaona nyuso zao zimeinama juu yangu, kati ya majani ya avoka, zinaniangalia kwa huruma, na kwa dakika moja, naapa, niliamini. Nilijiambia: kumbe ni hivi. Hakuna maumivu, kuna majani, na watu wa kijiji chako wanakuonea huruma. Ilikuwa karibu vizuri.

Halafu mtoto akasukuma.

"Mimi sijakufa," nikasema. "Nipeni maji."

Mbebaji yule mwenye mdomo akaruka nyuma. "Aah! Maiti inaomba maji!"

Wakacheka wote, kicheko kibaya cha kutetemeka, na dada akampiga mmoja kwa termosi. Mfanyabiashara hakucheka. Alitupa muwa, akapanda juu ya Fuso, akaanza kusukuma magunia yake chini. Yalianguka puu, puu, moja lilipasuka na maharagi yakatawanyika mpaka kwenye nywele zangu.

"Papa, maharagi yako," dada akasema.

"Yatalala hapa, Mama. Hayana mimba. Beba huyu!"

Ile safari siikumbuki vizuri. Nakumbuka turubai ya bluu inapumua, na mwanga wa bluu juu ya mikono ya dada, hata nikaona kama tuko chini ya maji na dada anaogelea kando yangu. Nakumbuka tulipita gari njiani. Ilikuwa jipu ya ambulansi, imesimama kando, na shofere anafunga makala, yaani makaa, nyuma, mifuko mitatu, minne, mahali ambapo mgonjwa analala. Dada alimuona kupitia tundu la turubai. Alinyoosha ngumi nje, lakini tulikuwa tumeshapita.

Hopitalini hawakutungoja. Kwa nini watungoje? Foni ilisema nimekufa. Chumba cha kupasulia kilikuwa kimefungwa, daktari amevua nguo za kazi, amekwenda kula kwake. Mama mzalishaji wa pale aliweka kile kipembe chake cha mti cha kusikilizia juu ya tumbo langu, akafunga macho, akainua kidole ili watu wanyamaze. Akakitikisa kile kidole polepole: tu, tu, tu. Alikuwa anahesabu moyo wa mtoto.

"Iko," akasema. "Iko mbali, lakini iko. Kimbieni mumuite daktari."

Walikimbia. Si uongo, walikimbia. Lakini kwa daktari kuna mteremko na mpando, na ufunguo wa chumba ulikuwa kwa mtu mwingine. Mama mzalishaji hakuondoa sikio lake. Mimi nilikuwa naangalia kidole chake. Kilikuwa kinapiga hewani, kinapiga, kinachelewa, kinapiga. Dirishani kulikuwa na wingu moja limesimama. Kisha kidole kikabaki juu. Kilibaki juu muda mrefu, kama cha mwanafunzi ambaye mwalimu hamuoni. Daktari alipoingia, bado kilikuwa juu.

Walinitoa mtoto, msichana, na kizazi pamoja naye. Mimi nilipona.

Niliporudi nyumbani, mvua mbili za kupandia zilipita sijasema na reko. Alikuja akapiga magoti mbele ya mlango.

"Mama, nilifikiri haikuingia."

"Iliingia," nikamwambia. "Inuka, unaniharibia ua."

Yeye ni mkosaji, lakini mdogo. Shofere ni mkubwa kuliko yeye: alikuwa na miguu, angepanda dakika kumi kwenye ile njia, angekutana na kelele za wabebaji. Hakuna mtu anayebeba maiti akicheka vile. Titulere njo mkosaji mwenyewe, na yeye sikumfuata nyumbani. Nilimfuata kwenye sentre, mbele ya mama wote wa siku ya kupima watoto.

"Nionyeshe kitabu cha foni."

"Mama, hicho ni cha kazi. Na wewe hukusoma."

"Nilisoma mwaka wa tatu wa primere. Jina yangu ninaijua. Na wewe, kusoma ya kuhesabu watu kwa bipu, ulisomea wapi?"

Mama wakaguna. Mmoja kwenye benchi akasema, "Muulize na inite za Sake," na benchi yote ikacheka, na titulere akafungua kitabu upesi ili kicheko kiishe. Nikaona jina langu. Pembeni yake msalaba, umechorwa vizuri, kwa rula.

"Futa."

"Kitabu cha kazi hakifutwi, Mama. Ni sheria."

"Basi andika pembeni. Kwa Kiswahili, nisome."

Akaandika. Nikaweka kidole changu chini ya kila herufi: I-K-O H-A-I. Nikamwuliza na mtoto yuko kwenye mstari gani. Akasema mtoto ambaye hakulia hapewi mstari. Nilikaa pale mbele ya meza muda, nikiangalia zile nafasi nyeupe chini ya jina langu. Zilikuwa nyingi. Kitabu kilikuwa na nafasi nyingi sana.

Nikamwambia: "Basi mlima nipe mimi."

Hakutaka. Alisema kuna masharti, kuna formasio, mafunzo ya kazi. Lakini mama walikuwa wanasikiliza, na reko mwenyewe alikuwa amekataa kupanda tena tangu siku ile. Ndivyo simu ya kijiji ilivyokuja kwangu. Ninaiweka ndani ya kopo la maziwa, isilowe. Inite za mradi sasa zinaletwa mbele ya kamati, zinaingizwa macho yote yakiangalia, na sheria ya bipu niliiua mimi, kwenye kanisa lile lile. Hakuna aliyepiga makofi. Nilisema: kwa mlima wangu tunasema na mdomo, na anayesikia anarudilia alichosikia, neno kwa neno, mpaka mimi niseme ndiyo.

Juzi nilipanda kwa ajili ya binti mmoja wa upande wa wafugaji, mimba yake ya kwanza, anatokwa damu. Ukungu ulikuwa umejaa mpaka kwenye magoti yangu. Kipoyi ilikuwa inapita mahali chini yangu, siioni, ninasikia tu wanaume wanatukanana na kucheka, mara upande huu mara upande ule, kama wanabeba sauti peke yake. Nikasimama mahali pangu pa mkeka mmoja, nikaita. Ikakatika. Nikaita tena. Ikakatika. Mara ya tatu, ya nne. Mara ya tano titulere akashika.

"Kipoyi imetoka," nikasema. "Mwanamke, mimba ya kwanza, damu. Gari ije kwenye avoka na ingoje. Mugonjwa iko hai. Rudilia."

Upepo kwenye simu. Nilijua bado yuko, nilisikia pumzi yake. Hapendi kurudilia mbele yangu, muganga mzima, mtu wa diploma.

"Rudilia, Papa."

"Kipoyi imetoka," akasema. "Mwanamke, mimba ya kwanza, damu. Gari ingoje kwenye avoka. Mugonjwa iko hai."

"Na mutoto?"

"Hukusema habari ya mutoto, Mama."

"Sasa ninasema. Mama yake anamusikia anasukuma. Na mutoto iko hai. Rudilia."

Akarudilia. Nikasema ndiyo, nikafunga simu ndani ya kopo, nikabaki kando ya jiwe, kwa sababu kama ingepiga tena nilitaka iwe mimi wa kuishika. Chini, ndani ya weupe, mtu alisema shingo ya mwenzake ni fupi kama ya chura, na wote wakacheka, na kicheko kikaendelea kuteremka.